Venice, Mji Usimamao Majini

Iko miji mingi duniani ambayo njia zake ni mifereji ya maji, na wasafiri huipenda kwa utulivu wake. Mwezi huu twawaletea habari za mmoja, ndio Venice, katika nchi ya Italia.

Mji huo umejengwa juu ya visiwa vidogo vipitavyo 100, kando ya Bahari ya Adria, navyo vimeunganishwa kwa madaraja yapata 400. Katika mji wa kale hamna motokaa wala baiskeli. Mboga huja sokoni kwa mashua. Mgonjwa hupelekwa hospitali kwa mashua. Hata maiti huchukuliwa kwa mashua mpaka kisiwa cha San Michele, ndiko makaburini. Basi mgeni husikia nyayo za watu, kengele za makanisa, na maji yakipiga kuta.

Labda mtu atauliza, Nyumba za mawe zasimamaje juu ya matope? Wajenzi wa kale walipigilia magogo mengi chini, wakatandika mbao juu yake, kisha mawe. Magogo hayo yamedumu karne nyingi, maana matopeni hewa ni haba, nayo hayaozi upesi.

Juu ya msingi wa namna hiyo lasimama kanisa la Santa Maria della Salute. Mwaka 1630 mji ulipatwa na tauni, na wakuu wake wakaweka nadhiri ya kujenga kanisa, maradhi yakiondolewa. Likawekwa wakfu mwaka 1687. Hata leo, kila tarehe 21 Novemba, wenyeji huvuka Mfereji Mkuu kwa daraja la muda, waende kushukuru.

Lakini wenyeji hao wanapungua. Mwaka 1951 mji wa kale ulikuwa na watu wapata 175,000. Mwaka 2022 hawakufika 50,000. Sababu si mafuriko peke yake, maana tangu mwaka 2020 milango mikubwa ya chuma huinuliwa baharini kuzuia maji yakijaa mno. Sababu kubwa ni wageni. Nyumba nyingi hukodishwa wasafiri, kodi imepanda, na vijana huenda kukaa bara. Mwaka 2024 serikali ya mji ilianza kutoza ada wageni wa kutwa katika siku za msongamano.

Wazee wetu husema, Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko mgeni amekuja, na mwenyeji anahama.

Basi, ndugu, ajaliwaye kusafiri asiende kupiga picha tu na kuondoka. Na alale huko, anunue kazi ya mikono ya wenyeji, asiwazibie njia madarajani, aingie kanisani kwa heshima. Nanyi walimu, wafundisheni watoto adabu hii hapa nyumbani kwanza: mji tunaoustaajabia ni nyumba ya watu, na mwenye nyumba huamkiwa kabla ya kusifiwa kuta zake.