Sukari ya leo na sukari ya miezi mitatu

Bamvua likifika, kina mama wa Makunduchi wanashuka pwani maji yakikupwa. Wanainama kufunga mwani kwenye kamba, wananyanyuka, wanarudi na magunia mabichi kichwani. Hakuna anayeiita kazi hiyo mazoezi, lakini misuli haijali jina.

Shangazi yangu alikuwa mmoja wao. Maji yalipozidi joto na mwani kuanza kufa, aliacha, akafungua genge. Chakula kilikuwa kilekile. Kilichopungua ni kazi ya mwili. Baadaye akaanza kusikia kiu na kuamka usiku kwenda haja ndogo. Kipimo kikasema: maradhi ya sukari.

Kwa nini kukaa kulete tofauti? Ukila wali au muhogo, wanga unageuka glukosi na kuingia kwenye damu. Kongosho linatoa insulini, ambayo ni kama ufunguo wa kuifungulia glukosi iingie kwenye seli. Kwenye sukari ya aina ya pili, ufunguo upo ila kufuli limekuwa gumu.

Sasa, msuli unaofanya kazi una mlango wa nyuma. Vibebeo vya glukosi, viitwavyo GLUT4, hupanda juu ya seli bila hata kungoja insulini. Na kazi ikiisha, msuli hubaki mwepesi kuitikia insulini kwa saa nyingi, pengine siku moja au mbili, halafu unarudi ulikokuwa. Ndiyo maana kutembea kidogo kila siku kunashinda kujichosha mara moja kwa wiki.

Wahadza wa Ziwa Eyasi, huko Tanzania Bara, ni mfano mzuri. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulikuta wanajishughulisha kwa nguvu ya wastani au zaidi kwa kama dakika 135 kwa siku. Shirika la Afya Duniani linataka angalau dakika 150 kwa wiki! Shinikizo la damu lilikuwa nadra kwao, hata uzeeni, na vipimo vyao vya damu kuhusu afya ya moyo vilikuwa vizuri. Ni kweli chakula chao nacho ni tofauti, kwa hiyo sifa zote tusiyape mazoezi peke yake.

Turudi kwenye vipimo. Sukari ya kufunga ikifika 7.0 mmol/L, ni dalili ya kisukari. Lakini kipimo hiki kinaona leo tu. Mtu ana kliniki Jumatatu, tangu Jumamosi anakwepa chai ya sukari na mandazi. Namba inatoka nzuri, kumbe amejidanganya.

HbA1c haidanganyiki hivyo. Glukosi hunata kwenye himoglobini, na seli nyekundu huishi siku 120 hivi, kwa hiyo damu inabeba kumbukumbu ya miezi miwili mitatu. Asilimia 6.5 na kuendelea ni kisukari. Ila mwenye selimundu amwambie daktari mapema: seli zake hufa haraka, na namba inaweza kutoka ndogo kuliko hali halisi.

Shangazi sasa anatembea jioni, genge likishafungwa. Dawa hakuacha, na wewe usiache. Kama unatumia insulini, muulize daktari kwanza, maana mazoezi yanaweza kuishusha sukari kupita kiasi. Kipimo chake kijacho ni baada ya miezi mitatu, na damu tayari imeshaanza kuandika.