Vitabu vya Mzee Du Bois

Mgeni anayefika Accra, Ghana, hupelekwa kwanza kutazama ngome za pwani. Mimi niliomba nipelekwe Cantonments, katika nyumba alimoishi Dkt W.E.B. Du Bois, ambayo tangu mwaka 1985 ni kituo cha kumbukumbu yake. Nyumba yenyewe haina fahari. Wapo walimu wakuu nchini Kenya wenye makao makubwa zaidi.

Du Bois alizaliwa Massachusetts, Marekani, mwaka 1868. Mwaka 1895 akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kutunukiwa shahada ya uzamifu na Chuo Kikuu cha Harvard. Alihamia Ghana mwaka 1961 kwa mwaliko wa Kwame Nkrumah, akiwa na umri wa miaka 93. Hakuja kupumzika, bali kuandaa ensaiklopidia ya Afrika, kazi aliyoiwaza tangu mwaka 1909. Ajabu iliyoje, kwetu sisi tunaohesabu siku za kustaafu! Mauti yalimfika tarehe 27 Agosti 1963 kabla hajaikamilisha, na kaburi lake limo papo hapo uani.

Wanafunzi wetu hukariri Kongamano la Manchester la mwaka 1945 kwa ajili ya mtihani. Humtaja Kenyatta, wakamtaja Nkrumah. Mzee huyu, aliyeitisha kongamano la Paris mwaka 1919, hupitwa kwa mstari mmoja.

Kilichonishughulisha mno ni maktaba yake. Mkuki wa kale waweza kuridhika kutazamwa tu, kitabu hakiridhiki. Tena joto na unyevu wa pwani ni adui wa karatasi, na adui huyo hachoki.

Nasi je? Tumeihifadhi nyumba ya Karen Blixen jijini Nairobi, makumbusho tangu mwaka 1986, pamoja na seli za Kapenguria walimofungwa Kenyatta na wenzake. Si vibaya. Lakini daftari na barua za walimu na washairi wetu waliotangulia mbele ya haki zi wapi? Aghalabu mjane huachiwa sanduku chini ya kitanda, na baada ya miaka michache karatasi zile hufungiwa njugu sokoni.

Mwalimu wa historia aliye jirani na mjane kama huyo asingoje serikali ijenge jumba. Na aende na wanafunzi wawili watatu, aombe ruhusa kwa adabu, wanakili japo daftari moja, maadamu mama yu hai wa kuwasomea mwandiko wa mumewe.