Misingi ya Kutathmini Kiolesura na Suala la Lugha ya Mtumiaji

Kiolesura ni uso wa mashine: yale yote ambayo mtumiaji huyaona, huyasoma na kuyagusa anapotaka kutenda jambo. Mwaka 1990 Jakob Nielsen na Rolf Molich, wataalamu wa Denmark, walipendekeza njia nyepesi ya kukitathmini. Watathmini wachache hukikagua, kila mmoja peke yake, kwa kukilinganisha na misingi iliyokubaliwa. Kisha huunganisha kasoro walizoziona. Mwaka 1994 Nielsen aliipanga misingi hiyo kuwa 10. Hushauri watathmini 3 hadi 5, kwani mmoja, kwa wastani, hugundua takriban theluthi moja tu ya kasoro.

Mfano unaofahamika Bukavu ni mashine ya kupigia kura, iliyotengenezwa na kampuni ya Miru Systems ya Korea Kusini na kutumiwa nchini Kongo tarehe 30 Desemba 2018. Mpiga kura aligusa kioo kuchagua wagombea katika chaguzi tatu, mashine ikachapa karatasi, naye akaitumbukiza sandukuni.

Msingi mmoja husema kwamba mtumiaji atambue, asilazimike kukumbuka. Picha za wagombea huutimiza msingi huo, kwa kuwa hata asiyejua kusoma huitambua sura. Lakini orodha ikizidi upana wa kioo, manufaa hayo hupungua. Msingi mwingine hutaka mtumiaji aone hali ya kazi yake. Karatasi iliyochapwa humwonyesha mpiga kura mashine imeandika nini, mradi aweze kuisoma.

Msingi ulio mzito zaidi kwa wanaisimu ni ule unaodai mashine iseme lugha ya mtumiaji. Katiba ya 2006 inataja Kifaransa kuwa lugha rasmi, na Kiswahili kuwa mojawapo ya lugha nne za taifa. Hata hivyo, kutafsiri tu hakutoshi. Neno "thibitisha" ni sanifu, ila aliyezoea kusikia "valider" huenda akasita mbele yake. Na kusita huko, ndani ya chumba cha kura, hakuna wa kukusaidia bila kuhatarisha siri.

Kwa hiyo miongoni mwa watathmini hao 3 au 5, mmoja afaa awe mjuzi wa Kiswahili kinachosemwa mahali penyewe. Wenzake wataona kitufe kilichowekwa vibaya. Neno lisiloeleweka litawapita.