Safari ya Addis Ababa: Saa Mbili ya Nani?

Safari ya kundi haiharibiki njiani tu. Mara nyingi huharibika mapokezini mwa hoteli, kabla mizigo haijapandishwa vyumbani. Jambo hili hutokea katika kila mji mkuu, lakini Addis Ababa, mji mkuu wa Ethiopia, una sababu zake maalumu, na yafaa jamaa za askari na polisi wanaokusudia kuuzuru wazijue mapema.

TAREHE

Ethiopia inafuata kalenda yake yenyewe. Mwaka una miezi 13: 12 ya siku 30 kila mmoja, na wa mwisho, uitwao Pagume, wenye siku 5 au 6 tu. Mwaka mpya huanza Septemba 11 au 12 ya kalenda ya kimataifa, na hesabu ya miaka iko nyuma kwa miaka 7 au 8.

Chukua mfano wa kundi la familia kumi, ambalo kiongozi wake ameomba vyumba kwa kuandika 5/2, akikusudia Februari. Karani aliyezoea kalenda ya nchi yake aweza kuusoma mwezi wa pili kuwa Tikimt, nao huangukia Oktoba na Novemba. Kundi linafika usiku, akina mama wamebeba watoto waliolala, na kitabu cha hoteli hakina jina lao. Hakuna aliyedanganya, kila mmoja amesoma tarehe ya kwao. Dawa yake ni kuandika jina la mwezi kwa herufi, pamoja na mwaka, na kuongeza kwamba tarehe hiyo ni ya kalenda ya kimataifa.

SAA

Kwa upande wa saa, msemaji wa Kiswahili angetarajia nafuu, kwa kuwa Waethiopia huhesabu saa kama yeye: saa moja ya asubuhi ni baada ya jua kuchomoza, na saa moja ya usiku ni baada ya jua kuchwa. Lakini mgeni na dereva wa basi huzungumza kwa Kiingereza. Dereva anataja mbili kwa Kiingereza, naye ana maana ya saa mbili asubuhi. Mgeni, aliyezoea kugeuza saa za Kiingereza, anasikia saa nane mchana.

Asubuhi basi linafika. Watoto wanaogeshwa, wazee wanakunywa chai, wala hakuna aliye tayari. Dereva anangoja, kisha anakwenda kutafuta abiria wengine. Hivyo nusu ya siku imepotea, na hapana budi kitu fulani kifutwe katika orodha ya matembezi.

VYUMBA NA CHAKULA

Mji uko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari. Usiku una baridi, na mtu atokaye pwani hutweta akipanda ngazi. Basi vyumba vya ghorofa za chini wapewe wazee na wenye watoto wachanga, maana lifti haiendi umeme ukikatika. Kila mtoto awe na sweta.

Siku za Jumatano na Ijumaa, na wakati wa Kwaresima, waumini wa Kanisa la Orthodoksi hufunga, wasile nyama, maziwa wala mayai. Mgeni akikuta jikoni hapana nyama asigombane na mpishi. Aagize chakula cha mfungo: dengu, mbaazi na mboga zilizopangwa juu ya injera, mkate mpana na mwembamba wa unga wa teff.

YA KUONA

Mji huu una mambo mengi ya kutazama. Katika Jumba la Afrika ndimo wakuu wa nchi za Afrika walimotia sahihi mkataba wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, Mei 25, 1963. Makumbusho ya Taifa yamehifadhi mifupa iliyochimbuliwa Hadar mwaka 1974, yenye umri wa miaka ipatayo milioni 3.2, ulimwengu huiita Lucy, na wenyeji huiita Dinkinesh. Mnara wa Yekatit 12 unawakumbuka maelfu ya raia waliouawa na Wataliani kuanzia Februari 19, 1937.

Lakini kwa familia za askari pana mahali pengine pasipostahili kukosekana. Aprili 6, 1941, majeshi yaliyoukomboa mji huu yaliingia, na ndani yake vilikuwamo vikosi vya King's African Rifles, ambavyo watu wa Afrika Mashariki waliviita Keya. Mwezi mmoja baadaye, Mei 5, Mfalme Haile Selassie alirudi katika mji wake mkuu baada ya uhamisho wa miaka mitano. Addis Ababa pana makaburi ya askari wa vita hivyo.

Turudi kwenye kundi la mfano wetu. Kiongozi anasoma orodha iliyofupishwa, na makaburi hayamo. Mzee mmoja, ambaye baba yake alikuwa Keya, anasema kwa upole, "Mwanangu, mimi sikuja kuona maduka." Kiongozi atamjibu nini, ikiwa ndege inaondoka kesho alfajiri?

Jibu lilipaswa kutafutwa jioni iliyotangulia, kwa kumwuliza dereva, "Ndugu, hiyo saa mbili ni ya Ethiopia au ya tiketi ya ndege?" Tiketi za ndege za kimataifa hufuata saa za kimataifa, na dereva huenda akafuata jua. Kiongozi wa safari na aulize, arudie kwa kutaja asubuhi au mchana, kisha aandike saa hiyo mlangoni mwa kila chumba. Na mahali ambapo wazee wamefunga safari kwa ajili yake pawekwe siku ya kwanza, asubuhi, kabla ya soko na kabla ya picha.