Haruna Niyonzima, Kiungo wa Gisenyi

Ukimwuliza mwanafunzi akutajie mchezaji hodari wa mpira, mara nyingi atakujibu kwa kuhesabu magoli. Kwa hesabu hiyo Haruna Niyonzima hatajwi, maana magoli yake si mengi. Walakini mtu huyu alikuwa nahodha wa Amavubi, timu ya taifa letu, akaichezea zaidi ya mara mia, na jijini Dar es Salaam timu mbili zenye uadui wa miaka na miaka zilimtaka zote mbili. Wengi humsifu bila kujua hasa wanasifu nini. Nitajaribu kueleza.

Haruna alizaliwa hapa hapa Gisenyi, tarehe 5 Februari 1990. Kwa wale wanafunzi wa zamani waliohama siku nyingi, nawakumbusha kwamba mji wetu una timu iitwayo Etincelles, neno la Kifaransa lenye maana ya cheche. Huko ndiko alikoanzia mpira wa ligi, angali kijana wa miaka kumi na mitano au sita. Haukupita muda akachukuliwa na Rayon Sports, na mwaka 2007 akaenda APR, timu ya jeshi, ambako alitwaa ubingwa wa Rwanda. Mwaka 2011 Young Africans ya Dar es Salaam, ambayo watu wote huiita Yanga, ikamchukua.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Mchezaji wa kiungo husimama katikati, mabeki nyuma yake na mafowadi mbele yake. Neno hili ni zuri, kwani kiungo cha mwili ni pale mifupa miwili inapokutana, nacho kikiuma hata mguu wenye nguvu hauendi. Fowadi huutazama mpira na goli, vyote viko mbele yake. Beki naye huona uwanja mzima mbele yake. Lakini kiungo amezungukwa. Adui anaweza kumjia kutoka upande wo wote, hata mgongoni. Kwa hiyo hapana budi ajue atakalofanya kabla mpira haujamfikia.

Hapo ndipo Haruna alipowapita wengi. Siku utakapotazama mchezo wake wa zamani, usiufuate mpira, mfuate yeye. Utaona mpira ungali kwa beki, naye amekwisha geuza shingo kulia na kushoto. Ukimfikia, huupokea kwa mguu ulio mbali na adui, mwili umekwisha geuka nusu, na pasi imetoka. Mwili wake ni mwembamba, wala hakuwa mtu wa kushindana kwa mabega. Asiye na mabega hana budi kuwa na macho. Jambo la pili ni mwendo: alijua wakati wa kuuharakisha mchezo na wakati wa kuupoza, timu ipate pumzi. Katika joto la Dar es Salaam hilo si jambo dogo kwa kijana aliyekulia kwenye baridi ya Kivu, karibu mita 1,500 juu ya bahari. Wapenzi wa Yanga wakampa jina la Fabregas, kwa kumfananisha na yule Mhispania, Cesc Fàbregas.

Kuna jambo moja ambalo nadhani halitajwi vya kutosha, nalo ni lugha. Kiungo lazima aseme: amwite huyu, amwonye yule. Sisi wa mpakani, tunaovuka kwenda Goma na kurudi, Kiswahili tunakinunulia samaki. Bunge la Rwanda lilikifanya lugha rasmi mwaka 2017, lakini Gisenyi hatukuingoja sheria. Haruna alifika Dar es Salaam akiwa na lugha kinywani, tofauti na wageni wengine wanaopoteza msimu mzima wakionyeshana kwa vidole.

Akiwa Yanga alitwaa ubingwa wa Tanzania katika misimu ya 2012/13, 2014/15, 2015/16 na 2016/17. Lakini nionavyo mimi, michezo iliyoipima Yanga hiyo zaidi ni ya Afrika. Mwaka 2014 iliifunga Al Ahly ya Misri 1–0 nyumbani, ikafungwa 1–0 ugenini, ikatolewa kwa penalti. Mwaka 2016 ikaja Kigali kucheza na APR, timu ile ile aliyoiacha Haruna, ikashinda 2–1. Mwaka huo ikafika hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho.

Mambo hayakuwa mteremko. Mwishoni mwa mwaka 2015 Haruna alikuwa na Amavubi katika mashindano ya CECAFA huko Ethiopia, ambako Rwanda ilifika fainali ikafungwa na Uganda 1–0. Baada ya hapo Yanga ikatangaza kuvunja mkataba wake kwa sababu ya nidhamu. Mwanzoni mwa 2016 wakapatana. Kisha mwaka 2017 akafanya jambo ambalo Kariakoo halisameheki upesi: akavuka kwenda Simba. Yanga ilianza mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tangu hapo nyumba hugawanyika, mume huku na mke kule. Msimu wa kwanza jeraha lilimweka nje muda mrefu. Simba ikatwaa ubingwa mara mbili, na mwaka 2019 ikafika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa, ikatolewa na TP Mazembe. Baada ya muda mfupi na AS Kigali akarudi tena Yanga mwaka 2020, nao wakampokea. Mwaka 2021 wakamwaga kwa heshima uwanjani. Ni wachache mno waliovuka mto huo mara mbili wakaagwa kwa makofi.

Lakini liko pengo moja. Rwanda imefika Kombe la Mataifa ya Afrika mara moja tu, mwaka 2004 huko Tunisia, na wakati ule Haruna alikuwa mtoto wa miaka kumi na minne. Mwaka 2014 tulikaribia: tuliitoa Congo-Brazzaville kwa penalti, kisha CAF ikatuondoa kwa kuwa mchezaji wetu mmoja alikuwa na hati za majina mawili tofauti. Michezo zaidi ya mia, na hata mmoja si wa Kombe la Mataifa. Wako wanaosema kwa hiyo hakufikia ukubwa. Mimi sikubali. Kiungo huunganisha vilivyopo. Mfungaji ambaye nchi haina, hawezi kumzaa kwa pasi.

Mdogo wake, Hakizimana Muhadjiri, naye ameichezea Amavubi. Etincelles ingali inacheza katika uwanja wa Umuganda, ule uliotumika kwa mashindano ya CHAN mwaka 2016. Ukienda, kaa upande ambao utaiona shingo ya kiungo.