Umehifadhi Juzuu Zote, Lakini Pepa Inataka Ueleze

Kuna msee amehifadhi juzuu zote 30. Ramadhani akisimamisha tarawehe, wazee wanalia nyuma yake. Halafu matokeo ya KCSE yanatoka na IRE yake ni C. Hii stori utaipata Eldas tao hapa Wajir, utaipata Della, utaipata Basir, na kila msimu ikirudi tunasema KNEC wametuonea.

Hatujaonewa, wasee. Ni vile IRE hatuibukui. Fizikia tunaiamkia saa kumi alfajiri. Hesabu tunakesha nayo. Bayo tunachora figo mpaka mkono unakufa ganzi. IRE inapewa ile nusu saa ya mwisho kabla ya kuingia chumba cha mtihani, juu tunaambiana dini ni yetu. Ni yetu kweli, hakuna mtu anabisha. Lakini pepa ni ya KNEC, na KNEC haikuulizi kama unaswali. Inakuuliza utoe sababu, utofautishe, uhesabu, ueleze, na yote kwa Ngeli, saa ikikimbia.

Tuanze na rada ya pepa yenyewe. IRE ni 314, na ziko mbili. Ya kwanza inabeba Qurani, Hadithi, nguzo za imani na ibada. Ya pili inabeba akhlaki, muamalati, historia ya Uislamu na wanazuoni. Kila moja ni masaa mawili na nusu, maswali matano, kila swali maksi 20. Piga hesabu: swali moja lina dakika 30, na hapo ndani kuna kusoma swali, kufikiria, kuandika na kurudia. Mahafidh mob huangushwa hapa. Swali la kwanza ni la Qurani, linawapendeza, wanamwaga peji nne. Wakishtuka wamebaki na dakika kumi na swali zima halijadarwa. Maksi 20 zimeenda, na hakuna vile utazilipia kwa uzuri wa lile la kwanza.

Na maksi za IRE sio za kuchezea. Tangu KCSE ya 2023, gredi yako inatoka kwa hesabu, lugha moja, na masomo mengine matano yenye umefanya poa zaidi. A ya IRE ni pointi 12, sawa tu na A ya kemia. Kwa msee wa Nairobi hiyo ni habari ya kawaida. Kwetu ni kubwa, na lazima niseme mbona, hata kama inauma. Novemba 2014 basi ilishambuliwa Mandera, watu 28 wakauawa, na wengi wao walikuwa maodijo wakienda likizo. Aprili 2, 2015 ikawa Garissa University, watu 148. Januari 2020 maodijo watatu wakauawa Kamuthe kule Garissa, na TSC ikahamisha maodijo wasio wa huku kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Watoto waliobaki darasani walibaki na kemia bila odijo na hesabu bila odijo. Odijo wa IRE, mara nyingi, ni mtoto wa hapa hapa. Anajua Kisomali chako, anajua duksi ulipitia, na ukimpata chini ya mti baada ya Asri atakuelezea mpaka uingie boksi. Kuna masomo Eldas inapigana ikiwa imefungwa mkono mmoja. Kwa hii mikono yote iko huru, na ndio maana C inaniudhi hivi.

Sasa, njia ya kubukua. Mimi naamini tuko nayo tayari, ni vile tunaiacha duksi tukivaa yunifomu. Kumbuka ulivyoanza. Loox ya mbao, wino wa mkaa, maalim na fimbo yake, na sauti za watoto zikipanda: alif la kordhabay, alif la hoosdhabay, alif la goday. Hukuwa unajua kusoma kitu chochote, na ndani ya miaka michache kichwa kilikuwa kimebeba kitabu kizima. Hukuhifadhi kwa kusoma mara moja usiku wa mwisho. Ulihifadhi kipande kidogo, ukamsomea maalim, ukakosea, ukarudishwa, na kesho yake ukaanza na cha jana kabla ya kupewa kipya. Halafu jioni kulikuwa na subcis: mnakaa duara, huyu anasoma aya, mwenzake anashika inayofuata, inazunguka, na ukilala tu zamu inakupata na aibu.

Chukua hiyo subcis uilete kwa IRE. Mbogi ya watu watano au sita, duara, swali moja kwa wakati. Nipige mfano na swali ambalo linapenda kuja: mbona Qurani ilikusanywa enzi za Abubakar? Wa kwanza anasema mahafidh mob waliuawa vita vya Yamama, kwa hivyo kukawa na hofu Qurani itapotea nao. Wa pili: maandishi yalikuwa yametawanyika, mengine kwa ngozi, mengine kwa makuti ya mtende, mawe na mifupa ya mabega ya wanyama, hayakuwa mahali pamoja. Wa tatu: Umar ndiye alileta wazo, na Abubakar alisita kwanza, juu ni jambo Mtume mwenyewe hakulifanya. Wa nne: kazi ikapewa Zaid bin Thabit, aliyekuwa mwandishi wa wahyi na kijana anayeaminika. Wa tano: nakala ikakaa kwa Abubakar, ikaenda kwa Umar, ikaishia kwa Hafsa. Hapo msee makini kwa duara atasimamisha mchezo: ngojeni, swali lilikuwa mbona, na kuanzia wa tatu mmetuambia nani na wapi. Hiyo ni stori tamu lakini kwa hili swali haina maksi. Na mwingine akianza kuleta Uthman na zile nakala zilizotumwa mikoani, mrudisheni pia, hilo ni swali lingine kabisa. Kusahihishana namna hii kunashinda kukaa peke yako na notsi ukijidanganya umeelewa.

Kwa sababu hapo ndipo hafidh anaangukia. Amezoea kurudisha maneno kama yalivyo, na duksi ilimsifu kwa hilo, na ni sifa ya haki. Pepa inataka kitu cha pili juu ya hicho: uchukue ulichobeba, ukikate vipande, utoe kile tu kimeulizwa. Ukiwa na vyote viwili, hakuna mtoto wa shule kubwa ya tao anakushinda. Yeye anatafuta aya ya kutilia nguvu hoja yake, na wewe unazo zote kichwani.

Halafu kuna sehemu zenye mtu wa Eldas angefaa kuzifunga kabisa. Cheki zaka ya mifugo. Msee wa Nairobi anakram jedwali kama namba za simu. Wewe ngamia unaziona kila siku, aabo wako amekuwa akitoa zaka ukiwa umesimama pale. Ngamia watano, unatoa mbuzi mmoja. Kumi, wawili. Kumi na tano, watatu. Ishirini, wanne. Wakifika 25 unaacha mbuzi, unatoa ngamia jike wa mwaka mmoja aliyeingia wa pili. Mbuzi na kondoo wanaanza 40, unatoa mmoja mpaka 120. Ng'ombe wanaanza 30, unatoa ndama wa mwaka mmoja. Masharti ni kama maisha ya boma: wametimiza mwaka kwako, wanajilisha malisho ya wazi sehemu kubwa ya mwaka, wamefika kiwango. Wakati wa ukame wa 2020 hadi 2023 mifugo ilikufa, na familia kibao zilishuka chini ya hicho kiwango. Mtoto aliyeona hiyo anaelewa nisabu kuliko kitabu kinavyoweza kumweleza. Ukienda likizo kaa na awoowe, mwambie akuhesabie zaka yake ya mwaka huu, halafu uandike kwa Ngeli ukiwa bado unamskia.

Mirathi vilevile. Wasee huikimbia juu ina sehemu, na sehemu zinakaa hesabu. Hebu tuigawe hapa. Buda amefariki, ameacha mke, wavulana wawili na msichana mmoja. Kwanza gharama za mazishi, halafu madeni, halafu wasia kama upo, na hauzidi theluthi moja. Baada ya hayo wamebaki ngamia 80. Mke, kwa sababu kuna watoto, anachukua thumuni: ngamia 10. Wanabaki 70. Mvulana anapata mara mbili ya msichana, kwa hivyo mnagawa kwa mafungu matano, kila fungu ngamia 14. Kila mvulana 28, msichana 14. Jumlisha: 10, 28, 28, 14, wamerudi 80. Kama hakungekuwa na watoto, mke angechukua robo. Kadhi wa Wajir anaamua mambo kama haya kwa watu wa kweli, na Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inampa hiyo kazi: hadhi ya mtu, ndoa, talaka, urithi. Dem wa fom foo akijua hii hesabu vizuri, siku moja itamlinda hata nje ya pepa. Nimeona nyumba ambazo hizo 14 hazikumfikia mwenyewe, na hakuna mtu alikuwa na ujasiri wa kuhesabu kwa sauti.

Historia nitapita haraka, juu ni mambo ya kupanga miaka na sababu. Shika hijra ya Habasha sawasawa: nani alienda, mbona, Jaafar bin Abi Talib alimwambia nini Najashi. Habasha ndiyo Ethiopia, na Wajir imepakana nayo, hiyo sio nchi ya hadithi kwetu. Kwa wanazuoni, usikwame kwa Ghazali peke yake. Kuna Usman dan Fodio wa Sokoto, 1754 hadi 1817. Kuna Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyeanzisha gazeti la Sahifa 1930 na Al-Islah 1932, akawa Kadhi Mkuu 1937 mpaka akafariki 1947. Kuna Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mzaliwa wa Zanzibar, aliyefasiri Qurani kwa Kiswahili na akawa Kadhi Mkuu wa Kenya kutoka 1968 hadi 1980. Hawa wawili ni wa pwani yetu hii, na mchango wao unauorodhesha bila jasho ukijua walikuwa wanapigania nini: elimu ya watoto wa Kiislamu kwa lugha wanayoielewa.

Na swali la akhlaki likija, la Waislamu kuishi na wasio Waislamu, usijaze peji na maneno matupu ya amani. Desemba 21, 2015, karibu na El Wak, basi ya Mandera ilisimamishwa na washambuliaji wakataka Wakristo watengwe. Waislamu ndani ya hiyo basi wakadinda. Salah Farah, odijo, alipigwa risasi hapo na akafariki Januari iliyofuata. Huyo ni wa huku. Aya unaijua, na mfano wake uko kwa barabara yetu.

Tatizo la Ngeli ni la kweli, tusijifiche. Kichwani jibu liko kwa Kisomali, aya iko kwa Kiarabu, kalamu inatakiwa kuandika lugha ya tatu. Dawa ninayoijua ni kuandika kila siku, sio kusoma tu. Chagua swali moja la pepa za miaka iliyopita, weka dakika 30 kwa simu, andika, mpelekee maalim. Swali likisema taja, pointi fupi inatosha. Likisema eleza, ukiacha neno moja bila maelezo umejinyima. Maneno ya Kiarabu yaandike namna moja kuanzia mwanzo hadi mwisho, yasiwe na tahajia tatu kwa peji moja.

Abaayo, najua wakati wenyewe ndio shida. Ukitoka shule kuna maji ya kuteka, kuna anjera ya asubuhi, kuna wadogo wa kuogeshwa, na machali wameketi nje ya duka wakingoja shaah. Hii nasema kwa machali moja kwa moja: kuanzia Oktoba shikeni mitungi, pelekeni punda kisimani nyinyi. Sista yako ana pepa Novemba kama wewe. Na Novemba ni deyr. Mwaka wa 2023 mvua ya El Niño ilikata barabara za huku mitihani ikiendelea, kwa hivyo kama unatoka mbali, hamia kwa mjomba au shangazi aliye karibu na shule kabla mawingu hayajakusanyika.

Halafu kuna wale wa Telegram. Kila msimu wa KCSE wanatokea na picha ya pepa, wanadai soo tano, na ukishatuma wanakublock. Kile wanauza ni feki, na hata kama kingekuwa cha kweli, wizi wa mtihani wa dini unataka kuujibia nini kwa swali la amana? Peleka hiyo soo tano kwa saiba, toa fotokopi za pepa za kweli za 314, gawa na mbogi ya duara lako. Chenji ikibaki, mnunulie hooyo sukari.