Kufuli ya Difu na Tope la Masika

Mwenyezi Mungu anapotujaalia masika, trekta dogo hukwama hata pasipo na shimo. Gurudumu lililozama topeni huzunguka bure, na la pili, lililo pakavu, husimama tuli. Ndivyo difu ilivyo. Kufuli yake huyalazimisha yote mawili kwenda sawa.

Tunawasihi akina mama wenye mashamba, na vijana wanaowaendeshea: kanyageni klachi kwanza, magurudumu yasimame, ndipo mfunge kufuli. Kuifunga gurudumu likizunguka kwa kasi huvunja meno ya gia, na gharama yake mwaijua. Mkishanasuka, iachieni kabla ya kukata kona. Trekta lililofungwa hukaidi usukani, na ukingoni mwa mtaro laweza kupinduka. Mtoto asipakiwe juu ya madigadi, hata akililia.